Ngoma Niliyoichoma Isagala

Gongoni, Tabora
Jioni, kabla hujarudi kutoka kanisani

Mihayo mwanangu,

Begi lako nimeliona limefungwa, na chandarua umekitia mwenyewe bila kukumbushwa, kwa hiyo mambo ya maji ya kunywa na soksi sitayagusa. Mama Zuhura jirani ameleta vitumbua vya njiani, viko kabatini. Hayo basi. Mpaka wewe na wenzako wa kanisani mmalize maombi ya kuagwa nina kama saa mbili, nami nataka ukirudi ukute nimeshaandika, maana nikikutazama usoni nitaghairi.

Jumanne uliponisomea vijiji mtakavyovipitia kwenye safari yenu ya huduma kule mtoni, ulipofika cha nne niliinuka nikatoka uani. Uliniuliza, "Mama, vipi?" Nikasema moshi wa jiko. Jiko lilikuwa limezimwa tangu mchana, Mihayo, na wewe uliliona. Ahsante kwa kutoniuliza mara ya pili.

Kijiji cha nne ni Isagala. Nimewahi kufika.

Nilikuwa na miaka ishirini, niko mwaka wa pili chuo cha ualimu. Tulitoka wanafunzi kumi na mmoja wa ushirika wetu wa Kikristo, tukapanda treni hapa hapa Tabora, tukaipita Kaliua, tukashuka kituo kidogo ambacho hata jina lake lilikuwa limefutika ukutani. Kutoka pale tukapanda lori la wavuvi, kisha miguu, kisha mitumbwi. Malagarasi kwa upande ule si mto unaouona unakwenda. Ni mafunjo, halafu maji meusi yaliyosimama kana kwamba yamesahau njia, halafu mafunjo tena. Mtumbwi ukiingia humo, ukigeuka nyuma huioni tena njia uliyojia.

Kazi tuliyoifanya ilikuwa nzuri, usidhani naidharau. Tuliezeka upya kanisa lao kwa nyasi, tukachimba vyoo viwili, tukawafundisha kina mama kuandika majina yao. Mama mmoja alipoliona jina lake kwenye karatasi alilikunja akalitia kifuani, akatembea nalo wiki nzima. Ningeishia hapo, hii ingekuwa safari ya kukusimulia tangu ukiwa mdogo.

Lakini mimi nilikuwa kiongozi wa maombi. Nilikuwa na sauti. Unaijua, umeirithi. Nikiomba, watu walilia. Mwanzoni nilishangaa. Baadaye nikawa nasikiliza kilio chao huku naomba, nipime kimefika wapi, nijue nipandishe au nishushe. Hakuna aliyenigundua. Hata mimi sikujigundua mapema.

Nilipangiwa kulala kwa Mzee Kasanda. Alikuwa mgane, anaishi na binti yake wa pekee, Nyanzala, ambaye tulilingana umri. Tulilala mkeka mmoja. Nyanzala alinicheka kwa sababu sikuweza kumshika kambare akatulia, na kwa sababu Kinyamwezi changu, alisema, kilikuwa cha watu wa stesheni. Alikuwa na kicheko cha kuanzia puani. Nakuandikia hili ili ujue alikuwa mtu, si jina tu la kwenye hadithi.

Sasa, kazi ya Mzee Kasanda. Pale mwaloni, wavuvi wanapofikishia mitumbwi, palikuwa na gogo, na juu ya gogo ngoma moja kuukuu, nyeusi kwa mikono ya watu. Miezi ya baridi ukungu hutoka kwenye mafunjo kabla ya mapambazuko ukakaa mpaka saa tatu, saa nne. Ukinyoosha mkono, vidole vyako mwenyewe vinapotea. Aliye majini hajui kijiji kiko wapi. Basi Mzee Kasanda alikaa kwenye gogo akapiga mapigo matatu, akanyamaza, matatu, akanyamaza. Walio majini waligonga ubavu wa mtumbwi kwa upondo, ko, ko, kumjulisha kuwa wamesikia, wakaifuata ngoma mpaka nchi kavu. Alisema imeshuka kwake kutoka kwa babu wa babu yake, aliyekuwa mpagazi wa misafara ya kwenda Ujiji. Pale palikuwa kivuko. Watu wengi walizama na mizigo yao vichwani. Mmoja aliyefika ng'ambo alikaa akawapigia ngoma wenzake waliobaki kwenye ukungu, na hakuacha.

Asubuhi ya kwanza nilikaa naye. Mitumbwi mitano ilikuwa imetoka, na mitano nikaihesabu kwa macho yangu ikirudi. Wavuvi wakafunga kamba wakaenda zao. Mzee akaendelea kupiga. Matatu, akanyamaza. Na kutoka ndani ya ukungu, mbali kidogo, nikasikia ko, ko.

"Baba, nani huyo?" nikamuuliza.

"Anayevuka."

"Lakini wote wamerudi."

"Wa kwetu wamerudi," akasema, akapiga tena matatu.

Niliondoka pale upesi. Nyanzala alikuwa anapepeta mchele, nikamsimulia. Hakushangaa. "Baba huwajibu tu," akasema. "Anasema ukiwanyima jibu, watatafuta wenyewe."

Jioni niliwaeleza wenzangu. Nilieleza kwa mbwembwe, naomba Mungu anisamehe, kwa sababu niliona wananisikiliza. Kiongozi wetu aliitwa Festo. Alisema hiyo ni mizimu, na haiwezekani Mzee Kasanda aketi mbele kanisani Jumapili na kesho yake aketi kwenye gogo lile. Wengine wawili wakasema hapana, ile ni kama honi tu, inaongoza watu. Wakabishana. Mwisho Festo akasema, "Tuombe. Bwana mwenyewe atuonyeshe." Na wote kumi wakageuka wakanitazama mimi.

Nilifumba macho. Nataka nikuambie kwa usahihi nilichokiona, Mihayo, kwa kuwa kwa miaka mingi sikumwambia mtu. Sikuona kitu. Niliona giza la macho yaliyofumbwa, na nilisikia mbu amening'ata kwenye kifundo cha mguu. Nikasubiri. Wakasubiri. Kimya kikawa kirefu, na nikahisi kwamba nikikiacha kirefuke zaidi kidogo, nitakuwa mtu wa kawaida kama wao.

Nikasema, "Bwana amenionyesha. Nimeiona ile ngoma, na mnyororo umetoka ndani yake umekizunguka kijiji chote."

Mnyororo niliutoa kwenye kitabu cha historia cha shule.

Walilia. Festo alilia. Kesho yake tulikwenda kwa Mzee Kasanda sote, tukakaa uani kwake, Festo akaeleza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Halafu hakumjibu Festo, alinigeukia mimi.

"Binti, umeiona wewe mwenyewe?"

Niliwatazama wenzangu, kisha nikamtazama yeye. "Nimeiona, baba."

Akainuka, akaenda mwaloni, akarudi ameibeba ngoma kifuani kama mtu anavyobeba mgonjwa. Aliitua mwenyewe. Tuliichoma mchana, jua kali, watu wote wakitazama. Haikukubali kushika moto upesi. Tulimwagia mafuta ya taa mara mbili. Ngozi ilipopasuka ililia mara moja tu, pigo moja, na mbwa wote wa kijiji wakanyamaza. Sisi tukaimba. Nyanzala alisimama karibu na baba yake na hakuimba.

Siku ya tatu baada ya hapo, Nyanzala alitoka kabla hakujapambazuka na mvuvi mmoja, jirani yao, aitwaye Maiko, kwenda kutoa nyavu. Hewa ilikuwa safi walipotoka. Ukungu ukaja nyuma yao.

Niliamka nikamkuta Mzee Kasanda amesimama mwaloni, mikono imening'inia. Sijaona mikono mitupu namna ile tena. Watu wakakusanyika, wakaanza kugonga madebe na masufuria. Sisi wanafunzi tukaimba kwa nguvu zetu zote. Lakini ukungu ule ulizichukua sauti zetu ukazitawanya. Debe likigongwa kulia kwangu nilisikia linatoka kushoto, na wimbo wetu ulinirudia kutoka upande wa maji, umechelewa kidogo, kana kwamba kuna kwaya nyingine kule.

"Nyamazeni," Mzee akasema. Tukanyamaza.

Ndipo tukaisikia ngoma.

Mapigo matatu, kimya. Matatu, kimya. Ilitoka majini. Haikuwa mbali, na ilikuwa sauti ile ile; mtu yeyote wa Isagala angeijua, kama wewe unavyoijua kengele ya kanisa letu. Majivu yake yalikuwa nyuma yangu, hatua hamsini, nilikuwa nimeyapita asubuhi ile. Niligeuka nikayatazama. Yalikuwa pale pale.

Halafu, kutoka upande mwingine, ko, ko. Mtumbwi ulikuwa unajibu. Na mlio ule, Mihayo, ulikuwa unasogea. Ulikuwa unaifuata ngoma, unakwenda zake taratibu, unatuacha.

Mzee Kasanda aliingia majini mpaka kiunoni. Alipiga kelele, "Nyanzala! Si mimi! Si mimi, mwanangu!" Sijui aliita mara ngapi. Ko, ko, ikaijibu ngoma, mbali zaidi. Ko, ko. Kisha hatukusikia tena.

Ukungu ulipoinuka, saa nne hivi, mtumbwi ulionekana umeegemea mafunjo, hauna hata tone la maji ndani. Nyavu zilikuwa zimekunjwa vizuri. Samaki walikuwa bado wanapumua. Maiko alikuwa ameketi nyuma, upondo magotini, peke yake.

Walipomfikisha alisimulia kwa sauti ya kawaida kabisa. Alisema, "Tulifika. Tuligusa mchanga, nikasikia mtumbwi umekwaruza. Nyanzala akashuka. Akasema, 'Baba, shikamoo.' Nikasikia 'Marahaba.' Nikainama kutafuta kamba. Nilipoinua kichwa, hapakuwa na nchi kavu."

Walimtafuta siku nzima. Hawakupata hata kitambaa.

Festo alisema shetani amelipiza kisasi, tukaze maombi. Nilimwacha aseme. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema ukweli na niliipita kimya. Keshokutwa yake tuliondoka, mapema kuliko tulivyopanga. Mzee Kasanda alikuja kutusindikiza, kwa kuwa tulikuwa wageni wake. Nilipokuwa nimeshaketi mtumbwini alishika ukingo, akainama, akaniuliza polepole, wenzangu wasisikie.

"Binti. Kile ulichokiona, ulikiona kweli?"

Kwa swali lile alinifungulia mlango. Alinifungulia mimi peke yangu, kwa sauti ya chini, ili nipite bila kuaibika. Nami nikasema, "Ndiyo, baba."

Aliachia ukingo.

Watu wakisimulia makosa yao husema walikuwa vijana. Uongo wa kwanza nakubali, ulikuwa ujana: watu kumi walinitazama na kichwa kikavimba. Ule wa pili sina pa kuuweka. Nilikuwa najua. Nimeolewa, nimekuzaa, nimefundisha darasa la pili miaka ishirini na zaidi, nimemzika baba yako, na katikati ya mambo hayo yote nimekuwa nikisikia mkono ule ukiachia mbao.

Umewahi kuniuliza kwa nini nakaa benchi la mwisho, na kwa nini wamama wakiniomba niongoze maombi nasema koo linauma. Sasa unajua. Imani sikuipoteza. Naomba kila siku, nikiwa nafua, nikiwa nasahihisha madaftari. Ila siombi mbele ya watu, kama mtu aliyewahi kulewa asivyopita karibu na kilabu.

Na sasa nifike kwenye linaloniumiza. Jumapili iliyopita ulisimama kanisani ukamwekea mkono yule mama anayemtafuta mwanawe aliyekwenda machimboni, ukasema, "Bwana ananionyesha kijana wako yuko hai, na anarudi." Kanisa zima lilipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nyuma, nikahisi baridi ya mwaloni inanipanda miguuni. Kwa sababu kabla ya kusema vile, mwanangu, ulitazama wenzako.

Sikuulizi kama uliona. Huenda uliona. Mungu hanishirikishi mambo yake na watu wengine. Nakuambia tu kwamba mimi sikuona, na maneno yangu yalitoka matamu kama yako.

Kuna jambo la mwisho, nalo nilikuficha. Miaka mitano iliyopita niliposema nakwenda msibani Kaliua, hapakuwa na msiba. Nilikwenda Isagala.

Nilimkuta Mzee Kasanda mwaloni. Jicho moja limefunga, la pili linaona vivuli. Amechonga ngoma nyingine. Nilipomsalimu aliijua sauti kabla sijataja jina. Nilipiga magoti pale kwenye tope, nikasema, "Baba, sikuona kitu. Niliongopa. Mara zote mbili ulizoniuliza."

Akasema, "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku ile ile, uani kwangu. Mtu aliyeona kitu hatazami wenzake kwanza."

"Sasa kwa nini uliitoa ngoma?"

"Ulikuwa mgeni nyumbani kwangu," akasema. "Wenzako wote wanakuangalia. Nikasema moyoni, ngoma nitachonga nyingine. Lakini mtoto wa watu nikimwaibisha hadharani, atarudi kwao na nini?" Akapapasa ngozi ya ngoma kwa kiganja. Kisha akaongeza, "Nilichelewa kuchonga."

Hakuniambia amenisamehe, wala sikuthubutu kumwomba. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, halafu akasema kuna unga ndani na samaki juu ya kichanja, na yeye tangu jana hajala kitu cha moto. Nikapika. Alisema ugali wangu ni mgumu. Akala wote.

Nilikaa siku nne. Asubuhi ya ukungu tulikaa wote kwenye gogo, na wavuvi walipokwisha kurudi, ile ko, ko ikaja kama zamani. Nilimuuliza kama anadhani mmoja wa wanaogonga kule ni Nyanzala.

"Sijui," akasema. "Ndiyo maana nawajibu wote."

Nimefundisha watu wengi, na nimesikia mahubiri mengi, Mihayo. Sijamsikia mtu mwingine akisema "sijui" namna ile, bila aibu, huku mikono yake inaendelea na kazi.

Wenzako huko wanaweza kuikuta ile ngoma wakaanza kubishana. Wanaweza kukugeukia wewe. Sitakuandikia la kujibu. Ukungu ukija ukiwa nchi kavu, baki nchi kavu; na ukisikia ngoma mbili, kaa chini karibu na mzee, umshike nguo, usimwite mtu kwa jina. Hilo ni agizo, mengine yote nimekuachia.

Siku ninaondoka alinisindikiza tena. Alisema, "Zamani ulikuwa unaniita baba kwa adabu tu. Kama utarudi kuniita, basi uwe unamaanisha." Nikamwita. Tangu siku ile kila mwaka nampelekea chumvi na blanketi kwa wauza asali wanaokuja sokoni hapa, na wao huniletea salamu zake. Wiki iliyopita bado alikuwa hai.

Kwa hiyo Isagala hutakuwa mgeni kama wenzako. Unakwenda kwa babu yako. Sijamtumia habari kwamba unakuja, niliogopa kutuma halafu usiende. Ukishuka mtumbwini muulizie, watakuonyesha. Mwambie wewe ni mtoto wa binti yake wa Tabora. Atakushika uso kwa mikono miwili, kwa kuwa haoni vizuri, na mikono yake inanuka samaki. Usirudi nyuma. Mwache akuguse mpaka atosheke.

Mama yako